Siku Nilipomwonea Haya Ami Nassor Hewani

Salma, usijifiche nyuma ya mwenzio, nimekusikia kwa masikio yangu mwenyewe. Juzi nilipopanda mnarani, pale mnapoongozea ndege, kukuleteeni zile sambusa, rubani mmoja mtu mzima alikuwa anakuja kutua, na ndege iliyomtangulia bado haijatoka njiani. Wewe ukamwambia nini? "Kepteni, samahani, kama hutojali, jaribu kupunguza mwendo kidogo." Kama hutojali! Loo! Nusura nikunyang'anye kipaza sauti, nikakumbuka kuwa mimi nshastaafu na hata kiti pale sina tena.

Ndiyo maana nimekwiteni nyote watano hapa kwangu Mtoni. Kunyweni chai, kuleni, lakini masikio yawe kwangu. Wiki ijayo mkaguzi anakuja kukupimeni, na Salma ndiye wa mwanzo kukaa kwenye kiti. Mkaguzi akimsikia anabembeleza vile, leseni haipati. Hilo la leseni linanikera, lakini kuna linalonikera zaidi, nalo ni wale watu waliofunga mikanda humo ndani wakiamini kuwa kuna mtu juu ya mnara anawaangalia.

Sikulaumu, mwanangu. Nakujua unavyojisikia kwa sababu mimi nilifanya kubwa kuliko hilo. Mlikuwa hamjui? Basi leo mtajua.

Kwanza nikuelezeni uwanja wetu ulivyokuwa, maana nyinyi mmeukuta umeshanyooka. Enzi zile ndege kubwa ikishatua haikuwa na pa kutokea huko mwisho. Ilikuwa ikimaliza mbio inageuka, halafu inarudi taratibu juu ya njia ile ile iliyotumia kutua mpaka ifike katikati, ndipo itoke. Muda wote huo njia imezibwa. Kwa hiyo hukuwa ukipima masafa baina ya ndege inayotua na inayofuata tu. Ulikuwa unapima mpaka ile ya mbele itue, ikimbie, igeuke, irudi na itoke, na rubani mgeni asiyeujua uwanja hugeuka kama bibi harusi. Hapo bado hujahesabu upepo wa nyuma. Ndege kubwa huacha upepo unaozunguka nyuma yake, hauonekani kwa macho, na kile kidege cha watu kumi na mbili kikiingia humo kinaweza kupinduliwa kama kikombe. Lazima usubiri dakika zipite upepo ule ufe. Na abiria wake hawajui hayo, wao wanatazama saa zao tu.

Hatukuwa na kioo cha kutuonesha nani yuko wapi. Tulikuwa na macho, darubini moja, na vile vipande vya karatasi. Kila ndege na kipande chake, tumeandika kwa penseli jina, saa na inakotoka, tumevipanga juu ya ubao kwa foleni. Ndege ikisogea, na wewe unasogeza kipande. Nyengine tulizijua kwa maneno ya rubani. Nakumbuka rubani mmoja wa mizigo aliniambia yuko juu ya Tunguu. Nikatazama upande wa Tunguu mpaka macho yakatoka machozi, sioni kitu. Kumbe bwana yule alikuwa juu ya Makunduchi, kule kusini kabisa, kasoma ramani anavyojua yeye. Toka siku ile mtu akinambia yuko mahali, nilikuwa nikimuuliza mkono wake wa kulia anaona nini.

Alonifundisha yote haya ni Bwana Sururu. Mtu wa Makunduchi, mfupi, mkavu, kofia yake haijapata kukaa upande hata siku moja. Alikuwa mkuu wa zamu yetu. Akikasirika sana hubadili lugha, anaporomosha Kimakunduchi chake mpaka sisi wa mjini tunabaki kutazamana. Kwake yeye, neno ulilosema kwenye redio si lako mpaka rubani akurudishie lile lile. Ukimwambia rubani "subiri", naye akajibu "sawa", hujasema kitu. Arudie. Mwambie arudie! Tabia hiyo nilihamia nayo nyumbani. Mume wangu, masikini, nilikuwa nikimtuma sokoni namwambia, "Nazi mbili, bizari, na samaki asiwe wa jana. Haya, rudia." Alikuwa akirudia, maana alijua bila ya hivyo mlango haufunguliwi.

Bwana Sururu hakuwa akitufundisha kwa vitabu peke yake. Alikuwa akitushusha chini, kwenye uwanja wa magari, pale penye tangi la maji. Anachora mstari kwa chaki, hiyo ndiyo njia ya kurukia. Wanafunzi tunakuwa ndege, mikono tumeitandaza, tunazunguka tangi. Mmoja anasimama juu ya kiti, huyo ndiye mnara, anatuongoza kwa mdomo. Wauza madafu walikuwa wakija kutucheka. Watu wazima na suruali zao za pasi wanazunguka tangi! Lakini mchezo ule ulinifundisha kitu ambacho karatasi haikunifundisha, kwamba aliyekwisha kuanza kushuka hana breki angani. Hawezi kusimama akakungoja wewe upate ujasiri.

Sasa Ami Nassor. Huyu alikuwa rubani wa ndege ndogo ya kwenda Pemba na kurudi, na alikuwa jirani yetu hapa hapa Mtoni, nyumba ya tatu kutoka hii. Rafiki wa damu wa marehemu baba yangu. Baba alipofariki, Ami ndiye aliyeninunulia sare za skuli. Mimi toka nina akili zangu nikimwona Ami naweka chini nilichoshika, naenda kumwamkia. Shikamoo Ami. Marahaba mwanangu. Sijapata kumtazama machoni nikamwambia "hapana". Hata angenambia jua linachomoza Chumbe, upande linakozama, ningesema naam, Ami.

Siku hiyo ilikuwa mchana, upepo wa kusini unavuma, ndege zinatua kutoka kaskazini, upande wa mjini. Mimi nimekaa kwenye kiti, Bwana Sururu yuko nyuma yangu anakunywa kahawa. Nilikuwa bado mwanafunzi, lakini nimeshabakisha kidogo nipimwe. Ami akaja mara ya kwanza, nikamzungusha, yaani asitue, apae aje upya, kwa sababu kulikuwa na ndege njiani imechelewa kuruka. Akarudia, akazunguka. Wakati anazunguka nikaingiza ndege kubwa ya watalii mbele yake. Nikapiga hesabu kichwani: itatua, itageuka, itatoka, Ami atakuta njia nyeupe. Hesabu nzuri, ila rubani wa ile ndege kubwa alikuwa mgeni. Alipofika mwisho akasimama. Tuli! Sijui alikuwa anatafuta nini. Halafu ndiyo akaanza kujigeuza, polepole.

Nikatazama kaskazini. Ami nshamwona, taa zinawaka, kashapita Mtoni, anashuka. Hapo neno ni moja tu: paa, zunguka. Mdomo nimeshaufungua. Ndipo ikaja sauti yake. Nyinyi mnajua, kwenye redio tunasema Kiingereza, hapa nakufasirieni tu, na kila ndege tunaiita kwa namba yake. Yake ilikuwa Tatu Moja. Lakini Ami siku ile akaja kwa Kiswahili, sauti ile ile ya barazani kwetu.

"Zuwena mwanangu, nshazunguka mara moja. Nna watu humu."

Wallahi! Sikumwona rubani tena, nimemwona Ami mlangoni na mfuko wa sare za skuli. Nitamwambiaje mtu huyu azunguke mara ya pili mbele ya abiria wake, mimi niliyekula mkononi mwake? Nikaitazama ile ndege kubwa, nikajiambia itatoka, Inshallah itatoka. Nikabonyeza kitufe, nikampa ruhusa ya kutua.

Nikampa ruhusa ya kutua kwenye njia yenye ndege. Andikeni hilo kama mnataka kuandika, sioni haya kulisema.

Sikumwona Bwana Sururu alivyofika. Niliona kikombe cha kahawa kimemwagika juu ya vipande vyangu vya karatasi na mkono wake umenipita shavuni. Alishika kipaza sauti akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, wala hakupiga kelele:

"Tatu Moja, paa uzunguke. Njia ina ndege. Paa sasa."

Ami akavuta juu. Kile kidege kikapita juu ya mgongo wa ndege kubwa, na kutoka mnarani niliyahesabu magurudumu yake. Matatu. Nikifumba macho hivi sasa nayaona. Aliporudi akatua salama, abiria wakashuka, wengine wanalia, wengine wanacheka kile kicheko cha hofu. Mimi nilibaki kitini na vile vya masikioni kichwani.

Bwana Sururu hakunitukana. Bora angenitukana. Alinambia tu, "Toka kwenye kiti, Zuwena." Akakaa yeye, akaendelea na kazi. Jioni akanambia kuwa ataandika yaliyotokea yote, na kwamba mimi sitogusa kipaza sauti mpaka yeye aseme, na huenda asiseme.

Nyumbani mama yangu alifurahi. Ndiyo, alifurahi! Kazi ile hakuipenda toka mwanzo. "Mtoto wa kike kuwakemea watu wazima hewani," alikuwa akinambia, "watu watasema hukufunzwa adabu. Nenda kasomeshe." Nilikaa jikoni nimejikunyata, namsikiliza, na moyoni nusu yangu inamkubali. Ningeweza kweli kwenda kusomesha. Kazi ya heshima, na mtu akikosea anafuta ubao.

Siku ya tatu Ami Nassor akaja. Nikamsikia anabisha hodi, nikataka kutokea mlango wa nyuma. Mama akaniita, "Zuwena!" Nikaitikia, "Naam," ikabidi nitoke. Nikamwamkia, nikamwekea kahawa, sikuinua uso.

"Nimetoka kwa Sururu," Ami akasema. "Nimemwambia kosa langu. Mimi ndiye niliyekuita kwa jina na kukutia haya. Nimemwambia aandike hivyo, kosa la rubani, wewe uachwe."

Mama akasema, "Alhamdulillahi, mtu mwema wewe."

Na mimi, jamani, sijui lile neno lilitoka wapi. Nilikuwa nimepiga magoti na sinia mkononi.

"Hapana, Ami."

Mama akaguta. Ami akaweka kikombe chini.

"Ulikosea kuniita vile, na hilo lako liandikwe," nikamwambia. "Lakini ruhusa ya kutua niliitoa mimi, kwa kidole changu. Ukinichukulia kosa langu nitarudi pale kwa kuonewa huruma, na siku nyengine nitafanya vile vile. Niachie langu, Ami."

Nilikuwa nalia huku nasema, kamasi zinanitoka, si sura ya ushujaa ile. Ami akalichukua lile sinia mkononi mwangu, akaliweka chini. Halafu akacheka kidogo, akasema, "Siku ile uliniheshimu, Zuwena, nusura uniue. Leo umenivunjia heshima mbele ya mama yako, na nimepumua." Akanywa kahawa yake, akaondoka.

Alfajiri ya siku ya pili yake nikaenda kazini kabla ya Bwana Sururu. Alinikuta nimekaa kwenye ngazi za mnara. Nikamwambia siendi kusomesha, anipe adhabu anayoitaka lakini anirudishe. Akanitazama kutoka chini mpaka juu, akanambia, "Shuka penye tangi."

Wiki nzima, kila asubuhi, mimi juu ya kiti na yeye ndiye ndege. Mtu mzima yule, na magoti yake, anazunguka tangi na mikono kaitandaza. Anaweka kasha la soda kwenye mstari, anakuja, mimi ndiyo nimzungushe. Na alivyokuwa na hila! "Mwanangu miguu yaniuma, niache nipite." "Zuwena, jua kali, mimi mtu wa shinikizo la damu." Siku ya kwanza nilisita kidogo tu, sekunde moja. Akalivaa kasha mzima mzima, akaanguka, kofia kule, kiatu huku. Nikaruka kumwinua. Akanisukuma. "Usiniinue, mimi nshakufa. Na watu kumi na mbili walio nyuma yangu nao wamekufa. Rudi kwenye kiti." Mpaka siku ya nne nilikuwa namzungusha hata kabla hajamaliza kulalamika. Siku ya saba alinilaani kwa Kimakunduchi kuanzia tangini mpaka langoni, nikamwambia, "Paa, uzunguke, na urudie nilivyosema." Akarudia. Siku hiyo ndiyo aliponirudishia kiti.

Kupimwa kwangu kukaja, mkaguzi ametoka Bara, bibi mmoja mkimya, anaandika tu. Asubuhi ile mama alinipigia simu yuko Wete, kule Pemba, alikwenda harusini, anarudi na ndege ya Ami. Akanambia amenichukulia halua. Nikamwambia haya mama, karibu. Nikakaa kitini, nikavipanga vipande vyangu vya karatasi.

Kidege kimoja kikatua, gurudumu likapasuka, kikasimama katikati ya njia pale pale. Nyuma yake ni nani? Tatu Moja. Anashuka, kashapita hapa juu ya bati letu. Mama yangu mzazi yumo humo na sinia la halua mapajani.

"Tatu Moja, paa uzunguke. Njia imezibwa."

"Tatu Moja, nnapaa, nnazunguka."

Akazunguka. Mafundi wakaenda mbio na kigari chao, wakaanza kukivuta kile kidege. Kikasogea. Ami akaja tena. Kile kidege kikasogea tena kidogo, tairi moja limebaki ndani ya mstari. Tairi moja tu! Mtu mwengine angesema inatosha. Mkaguzi kalamu yake imesimama. Nikajua sasa hivi itakuja ile sauti, Zuwena mwanangu, nshazunguka mara moja. Nikaingoja. Lakini kidole kilikuwa kimeshabonyeza.

"Tatu Moja, paa uzunguke."

Nikaachia kitufe, nikasikiliza.

"Tatu Moja, nnapaa, nnazunguka."

Neno kwa neno. Hakunipa Kiswahili cha barazani, hakunipa mwanangu. Alinirudishia nilichompa, kama wanavyonirudishia marubani wote. Machozi yalinijaa, nikayafuta kwa mgongo wa mkono, nikasogeza kipande chake cha karatasi. Mara ya tatu njia ilikuwa nyeupe, nikampa, akatua.

Mkaguzi akatia saini kuwa nimefaulu, mwenzangu akashika kiti, na Bwana Sururu akashuka nami kwenda kumpokea mama. Anakuja, kanga imejaa matapishi, halua imepinduka imemganda mpaka kwenye viwiko, macho mekundu. "Mwendawazimu gani huyo alotuzungusha mara mbili?" akauliza kwa sauti ya uwanja mzima. Ami, nyuma yake, akasema, "Bintiyo." Mama akanitazama. Akaitazama njia, wale mafundi walikuwa bado wanakunja kamba zao kando ya kile kidege. Akajifuta mkono, akanambia, "Haya panda juu, bado zinakuja nyengine." Toka siku ile habari ya kusomesha hakuitaja tena.

Sasa hivi nyinyi mna vioo, mna kompyuta, ndege inakujieni na jina lake limeandikwa pembeni. Mashaallah, ningekuwa kijana ningekuoneeni wivu. Lakini kioo hakitakubonyezeeni kitufe. Rubani atakuwa mwalimu wako, atakuwa mkwe wako, atakuwa mtu aliyekulipia skuli. Mwamkie akishashuka, mbusu mkono ukitaka, mchukulie na mkoba. Akiwa hewani na njia haiko wazi, mwambie azunguke na umsikie anarudia. Usimwombe radhi. Hujamkosea.

Na wewe Salma, inua uso nikuone. Hivyo. Kesho nnakwenda Wete kumtazama dada yangu. Nnarudi Alkhamisi na ndege ya saa kumi, na nshaulizia, hiyo ni zamu yako. Najua utaliona jina langu kwenye orodha ya abiria, maana nyinyi kwa umbea mnatushinda sisi. Utasema Bi Zuwena yumo, magoti yake mabovu, keshazunguka mara moja, haya tumwache apite, tairi moja tu lile. Thubutu! Nizungushe, mwanangu. Mara mbili, mara kumi. Halua nitaishika mwenyewe.